Mstaafu Hafungiwi

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimetangaza uhuru. Sungura wetu, Mstaafu, hatakaa tunduni. Jina tulimpa kwa sababu hafanyi kazi yoyote na hulalamikia chakula. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni seremala. Asubuhi kaja na tundu alilochonga mwenyewe, kubwa kama kabati, mlango wa wavu, hata kibaraza linacho. Ni zuri sana. Ndiyo maana nimelikataa. Rafu aliyotutengenezea jikoni anaisimulia mpaka leo.

Nimemwambia shemeji kwamba sungura ni mwana wa nyumba, si mfungwa. Hakubishana. Kaliacha sebuleni, kasema likihitajika lipo. Mke wangu kanipa mpaka Jumapili, mama yake atakapokuja kututembelea. Nyumba ikiwa ya watu, Mstaafu abaki huru. Ikiwa zizi, ahamie karakana kwa shemeji, yeye na tundu lake. Nimekubali upesi. Jumapili iko mbali.

Jumanne, 4 Juni

Katafuna rimoti. Vitufe vyote, isipokuwa cha kuzimia.

Suala la choo. Nimemwekea beseni mlangoni, mahali pa kistaarabu. Yeye kachagua nyuma ya kiti cha kona, kiti anachokalia mama mkwe. Mke wangu kashauri beseni lihamie huko. Wapi! Mwenye nyumba hafuati sungura.

Beseni linataka maranda, na maranda yako kwa seremala. Nikaenda karakana nikidai nataka kufungashia redio ya mteja. Shemeji akanijazia mfuko bila swali. Nikiwa mlangoni ndipo akauliza kama Mstaafu anapenda laini au ya kukwaruza.

Jumatano, 5 Juni

Waya. Mimi ni fundi redio na kazi naifanyia hapa hapa nyumbani, meza iko dirishani. Mstaafu kakata waya wa pasi, wa feni, na wa spika ya kinyozi, ambaye anasema bila muziki wateja wake hawatulii kitini.

Akili ni nywele. Nimepaka pilipili waya zote zilizobaki, hata mpya zilizo mezani. Mstaafu akanusa, akapiga chafya, akaenda zake. Ushindi! Nikakaa kuunganisha waya mpya wa spika, nikaumenya kwa meno kama nilivyozoea tangu nijifunze ufundi.

Mke wangu ni muuguzi. Aliporudi kutoka zahanati alinikuta nimeweka kichwa chini ya bomba, ulimi nje. Akataka kujua pilipili yake ya jikoni imeishia wapi. Ulimi ulikuwa na mambo yake.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata dawa. Kila kinachotafunika kiingie tunduni: viatu, pasi, spika, mito ya makochi. Nikakomea mlango. Mstaafu anazunguka nje akivichungulia. Mke wangu anasema sasa akitaka viatu vya kazini inabidi aombe ruhusa ya kuvitembelea.

Kusema kweli naogopa. Mke wangu akishatoka, nyumba hii huwa kimya kutwa nzima. Mstaafu huja kulala juu ya mguu wangu wa kushoto nikiwa kazini, mpaka unakufa ganzi, nami siusogezi. Nimemzoea. Akienda karakana nitaongea na nani? Redio zote hapa ni mbovu.

Jumapili, 9 Juni

Nimelifunika tundu kwa kitambaa, nikapanga vikombe juu. Meza mpya. Beseni linang'aa mlangoni, maana hakuna aliyelitumia. Kiti cha kona nimekimwagia marashi. Mama mkwe kaingia, kanusa, kauliza ni nani anaoa.

Akasifu meza. Akataka kujua nani kaichonga. Mdomo ukanitangulia, nikasema ni mimi. Shemeji, aliyemsindikiza mama yake, akawa anakoroga chai yake polepole, na wala hatumii sukari.

Ndipo Mstaafu akatoka chini ya kochi, akauma ncha ya kitambaa, akavuta. Shemeji akadaka birika. Mimi sikuwa na wa kunidaka. Mama mkwe akainama, akatazama kwenye wavu viatu vya binti yake, pasi na mito. Akamtazama sungura aliyejilaza zuliani. Akauliza kwa upole hivi vitu vimefanya kosa gani.

Nikakiri yote. Hata mguu wa kushoto nikautaja. Mama mkwe akamwagiza shemeji avitoe vitu. Tundu lilipobaki tupu, Mstaafu akaingia mwenyewe, bila kusukumwa. Akajisaidia kwenye kona ambayo shemeji alikuwa ameitandika maranda tangu mwanzo. Kisha akajinyoosha kibarazani, akafumba macho.

Hukumu ya mama mkwe: tundu libaki hapa, mlango wazi, mwenyewe aingie na kutoka apendavyo. Mstaafu haendi popote. Nilitamani kumkumbatia, lakini mkwe ni mkwe. Nikamwongezea chai.

Jumatatu, 10 Juni

Mstaafu yuko mguuni pangu. Kinyozi kaja kuchukua spika, nikamweleza njia yangu: sungura ukimpa uhuru wa kutosha, mwishowe huchagua tundu mwenyewe. Inataka subira tu, na mtu mwenye msimamo. Shemeji nimemsamehe.

Halafu nikawaza. Kama njia hii imemfaa sungura, bata itamshindaje? Bafu tunalo, maji yapo, banda la nini? Kesho naenda sokoni kumchagua. Mke wangu nitamwambia bata akishafika. Akimwona tu, atampenda.

Furaha ikanizidi. Nikavuta waya wa redio uliokuwa mezani tangu wiki iliyopita, nikaumenya kwa meno. Pilipili ilikuwa bado ipo.