Kipengele cha Tano

Profesa, ambaye shule aliikimbia akiwa bado anahesabia vidole, alikuwa langoni pa kitivo cha sheria alipomwona mwenye bucha akipitisha kidole chenye mafuta juu ya orodha ya waliochaguliwa. Kidole kilishuka, kikapanda, kikashuka tena.

"Jina la binti halipo, mzee wangu?"

"Halipo. Kakosa alama mbili."

"Mbili tu!" Profesa akatikisa kichwa kama yuko msibani. "Mimi ndiye nakaa kikao cha kushusha viwango. Mbili tunazishusha kabla ya chai."

Mchana huohuo akaegesha uani mwa bucha kigari chake chekundu, kitu pekee maishani alichonunua kihalali. Ndani, kijana mwembamba alikuwa anafunga maini kwa kurasa za daftari lililojaa sheria za mikataba.

"Na akihitimu, kazi ipo?" mwenye bucha akauliza.

"Mwanasheria akose kazi? Mzee, usinichekeshe!"

Mfunga maini akakohoa.

"Huyu naye kahitimu, mwaka wa nne huu," mwenye bucha akasema. "Nimemwambia atuandikie mkataba."

Kijana akafuta damu mikononi, akaleta karatasi. "Hebu nikosoe, Profesa. Hasa kipengele cha tano."

Profesa akasoma: *bila kuathiri yaliyotajwa hapo juu, na kwa kuzingatia yatakayotajwa hapo chini*. Akatazama chini. Akaona viatu vyake. Sasa profesa mzima amuulize mfunga maini maana yake? Mbele ya foleni ya wateja?

"Kimekaa," akasema kwa uzito wote, akatia sahihi.

"Basi lete funguo za gari," kijana akasema.

"Za nini?"

"Cha tano hicho. Gari linabaki hapa mpaka binti apokelewe chuoni. Na malipo yako utapewa siku hiyohiyo, kipengele cha sita."

Mwenye bucha alikuwa ameshika shoka. Si kwa ubaya. Alikuwa anakata mbavu. Funguo zikatolewa.

Siku tatu Profesa alitembea kwa miguu. Ya nne akarudi uani, akakuta kwenye kioo cha gari lake pamebandikwa kibao: USHAURI WA SHERIA. Kijana alikuwa nyuma ya usukani, amevaa tai.

"Mdogo wangu," Profesa akanong'ona, "mkataba ule unavunjwaje?"

Kijana akamfungulia mlango wa abiria.

"Karibu ofisini, Profesa. Ada tunapokea kabla mteja hajakaa."