Karakana ya Kuazima

Jumatatu, 5 Juni 1989

Kikao Bungoma, kutwa nzima. Walimu wakuu wa shule za mjini, sisi wa Kitale na wao wa Bungoma, tumekubaliana kuiendea Wizara kwa sauti moja. Baraza la mji halina kitu. Wazazi wamechoka na harambee. Mtaala mpya unadai karakana ya useremala kila shule, na sisi hata msumeno hatuna! Wiki ijayo afisa wa Wizara anatoka Nairobi. Ataona shule moja Kitale na moja Bungoma, halafu aamue kama serikali itatujengea.

Kitale imechaguliwa shule yangu ya Tuwan. Sababu: ndiyo mbovu kuliko zote. Sijui kama hiyo ni heshima.

Bungoma ni kwa Bi Wilkista. Huyo mama alisimama akasema mtu asipake rangi, asiazime hata kiti, mgeni aone tunavyoishi. Makofi. Mimi pia nilipiga. Lakini wakati wa chai nikasikia wakinong'ona kwamba afisa atateua msemaji wa shule zetu zote. Wilkista tayari alikuwa amevaa uso wa msemaji. Nikaiacha chai yangu mezani.

Jumatano, 7 Juni

Siku mbaya. Mvua tangu asubuhi. Bwana afya alikuja akatia mkono mzima ndani ya ufa wa darasa la nane, akatikisa kichwa, akachora msalaba mwekundu mlangoni. Muhula ukiisha, hakuna mtoto kuingia humo mpaka lijengwe jipya. Nikamuuliza niwapeleke wapi. Akasema yeye ni mtu wa afya, si mtu wa madarasa.

Shule za jirani zimejaa, watoto wanakalia madirisha. Baba yake Cherop, yule msichana wa darasa la nane anayeongoza kwa hesabu, alikuja kutoka Kachibora baada ya kusikia. Alisema kwa upole kwamba darasa likifungwa, msichana atarudi nyumbani kulea watoto wa kaka yake, na mtihani basi. Nikamwambia mzee, usijali, serikali iko njiani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilijisikia vibaya, kisha nikajisikia mkubwa.

Jumamosi, 10 Juni

Nimepata! Nani atampa usemaji mtu wa msalaba mwekundu? Hakuna. Kwanza niwe msemaji, halafu nikiwa Nairobi, karibu na wakubwa, niombe darasa polepole. Si ndiyo akili hiyo?

Nikaenda kwa Baldev Singh, mwenye duka la mbao. Nikamwomba meza za useremala, randa, misumeno na majiliwa ya kubania mbao, kwa siku moja tu. Aliuliza yeye atafaidika nini. Nikamwambia watoto hawa ndio wateja wake wa kesho. Akasema wateja wake wa leo wanamtosha kwa maudhi. Mwishowe akakubali, lakini ole wangu randa ikikwaruzwa.

Mke wangu Wacera aliuliza kama hilo ndilo nililokubali kule Bungoma. Nikamwambia haelewi siasa za elimu. Akasema kweli, na akaendelea kukoboa mahindi.

Jumanne, 13 Juni

Ushindi! Stoo ya zamani imegeuka karakana. Nilimwaga hata maranda sakafuni yaonekane ya kazi. Kitambaa cha KARIBU MGENI WETU nilikitundika juu ya mlango wa darasa la nane, kikaziba msalaba na nusu ya ufa. Nusu nyingine niliipangia kwaya mbele yake, warefu nyuma.

Afisa ni mtu mnene, mkimya. Alipoingia karakana alisimama kabisa. Akashika randa, akaipapasa. Akauliza serikali ilitoa nini hapa. Nikasema hakuna, ni jasho la wazazi. Sijui hilo lilitoka wapi. Lilitoka tu, na lilisikika vizuri.

Hapo akamwita Cherop, amwonyeshe wametengeneza nini. Kati ya watoto wote, bana! Cherop akaitazama randa, akanitazama mimi. Akasema kwa adabu kwamba vitu vimekuja jana kwa mkokoteni, na kwamba wangeomba darasa kwanza, kwa maana lao linaanguka. Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia mgeni mtoto huyu ni mtani sana, kwao Kachibora wote ni watani. Afisa naye akacheka. Kwaya ikaanza. Cherop alibaki ameinamisha kichwa, na hakuimba.

Kuku wawili walichinjwa. Afisa alinishika bega akisema Nairobi watasikia jina langu, Munene.

Alhamisi, 15 Juni

Bungoma tena, kusikia uamuzi. Niliketi mbele.

Afisa alisema amezunguka na kujifunza. Alisema Tuwan pana shule maskini, ya mjini, isiyopewa chochote, na bado wazazi wamejenga karakana bora kuliko hata za kule kwao Nairobi. Kwa hiyo shule za mjini zinaweza kujitegemea. Ombi limekataliwa. Shule zote. Kitale na Bungoma.

Kisha akasema mimi nimeteuliwa msemaji: nizunguke kila mji nikafundishe wenzangu jinsi ya kufanya bila serikali. Akapiga makofi peke yake.

Mlangoni nilikutana na Wilkista. Yeye afisa alimkuta darasani na beseni katikati ya madawati, likipokea mvua, na watoto wakiandika kulizunguka. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Aliniambia tu niwasalimie darasa la nane. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 19 Juni

Baldev amechukua vitu vyake. Randa imekwaruzwa. Amesema nisikanyage tena dukani kwake, hata nikitaka msumari.

Wazazi wamesikia redioni kwamba walijenga karakana. Wamekuja kuiona. Nimewaambia ufunguo umepotea.

Ijumaa, 4 Agosti

Muhula umeisha. Darasa la nane limefungwa kwa kufuli. Wengine wamepata nafasi ya kusimama nyuma shule nyingine. Cherop hakupata. Alikuja na baba yake kurudisha vitabu, vimefunikwa vizuri kwa gazeti. Akasema asante mwalimu. Baba yake safari hii hakunipa mkono. Wakaondoka kwenda Kachibora kwenye manyunyu, yeye akiwa amejifunika gunia kichwani. Niliumia. Nasema kweli, niliumia sana, sikula mchana.

Jioni ujumbe kutoka Wizara: mkubwa wa afisa, mkubwa hasa, anataka kuja kujionea mfano wa Tuwan mwezi Septemba!

Hii sasa ndiyo nafasi yenyewe. Mtu kama huyo ukimpokea vizuri hakunyimi kitu. Lakini atapumzikia wapi? Ofisi yangu ni finyu. Nimezunguka shule nzima, na hakuna chumba kikubwa kilicho wazi isipokuwa darasa la nane. Tukisugua ule msalaba, tukasogeza kabati kwenye ufa, tukatandika zulia la kanisa, wageni watakunywa chai humo bila shida yoyote. Kesho naanza kutafuta rangi.