Nafasi Moja ya Naivasha

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa kortini kwetu, hizi nyumba zetu za geti moja hapa Buruburu. Kambi ya likizo ya Naivasha imebakisha nafasi moja ya bure kwa mtoto wa familia inayohangaika. Mahema! Kuogelea! Njogu, mwenyekiti wa korti, ametangaza kana kwamba ziwa ni lake. Eti nafasi inamfaa Hikma, binti wa Muhiba, yule mjane anayekaanga viazi karai getini. Wote wakaunga mkono. Nami nikaunga, kwa adabu.

Lakini nilimwahidi mwanangu Jacky Naivasha tangu Pasaka. Nilimnunulia hadi miwani ya kuogelea. Analala nayo. Na mimi ni wakala wa viwanja ambaye hajauza kiwanja tangu mwaka jana. Kama huko si kuhangaika, basi sijui. Nimepeleka jina la Jacky kimyakimya.

Jumanne, 5 Agosti

Bi Ndanu wa kambi amepiga simu. Alhamisi atatembelea nyumba zote mbili ajionee hali. Lo! Nimetazama sebule yangu. Sofa ya velveti. Televisheni pana kama mlango. Hapa hakuna wa kuhurumiwa.

Bahati nzuri, mke wangu Jecinta aliondoka Jumapili alfajiri kumwona mamake Murang'a. Hakuna jirani aliyemwona akitoka, na hayupo wa kutetea sofa yake. Mungu ni mwema.

Jumatano, 6 Agosti

Sofa na televisheni zimehamia kwa Owen seremala. Nimeenda kanisani kuazima viti vinne vya plastiki. Mtunzaji amesema havitoki vichache vichache, akanipa rundo zima. Nimevipanga ukutani. Sebule imekuwa ya kusikitisha kabisa. Kazi safi.

Jacky nimemwonya asimwambie mtu lolote. Amenuna.

Jioni nilikuwa mlangoni nikijizoeza sura ya huzuni. Njogu akapita, akachungulia ndani, akauliza Mama Jacky yuko wapi. Sikutaka kuharibu sura. Nikatikisa kichwa tu. Akavua kofia. Mtu wa ajabu.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa!

Nilisahau jambo ambalo kila mtu hapa anajua. Sofa zikitoka na viti vya kanisa vikiingia, hakuna anayeuliza. Ni matanga. Nimeamka nikakuta kina mama wamejaa uani, sufuria ya chai iko motoni, wimbo umeanza. Njogu ameshafungua kundi la WhatsApp, "Safari ya Mwisho ya Jecinta". Mwenyekiti: Njogu.

Nilitaka kusema ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Mtu akanitia chapati mkononi. Nikatafuna, nikawaza. Mtoto asiye na mama. Bi Ndanu atamkataaje? Nikafunga mdomo.

Muhiba akaja na karai lake lote la viazi, biashara ya siku nzima, akawagawia watu bure. Akasema marehemu hakupita getini hata siku moja bila kumjulia hali. Hikma alikaa na Jacky, akamshika mkono. Jacky, aliyeongea na mamake kwa simu asubuhi hiyo hiyo, alikuwa akilia kwa aibu. Watu wakasema maskini, mtoto wa watu.

Bi Ndanu akafika. Akapewa chai na pole. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri sana.

Kisha marehemu akaingia na gunia la maparachichi.

Huyu Njogu! Alikopi namba zote za kundi la korti kwenye lile la matanga, na ya Jecinta ikiwemo. Jecinta alisoma rambirambi zake njia nzima. Mama mmoja akajifungia bafuni. Jecinta akamsalimu kila mtu kwa mkono, mmoja mmoja, kisha akauliza sofa yake iko wapi.

Jacky ndiye aliyejibu. Akamweleza Bi Ndanu yote, mbele ya korti nzima. Akasema nafasi apewe Hikma, kwa sababu mama yake hajauza kiazi hata kimoja leo. Hakuniangalia. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumamosi, 9 Agosti

Basi limeondoka. Hikma alikuwa dirishani, amevaa miwani ya Jacky. Muhiba alilia, akacheka, akalia tena. Jacky akapunga mkono hadi basi likapotea Jogoo Road, kisha akaushika wangu.

Nimewaeleza majirani kwamba bila mimi Hikma asingeenda popote. Njogu ameondoka katikati ya maelezo.

Sofa imerudi, na madoa kidogo ya gundi ya Owen. Jecinta haongei nami ila kupitia Jacky. Ameagiza viti virudi kanisani leo. Nimejibu, kesho.

Bi Ndanu anasema Desemba kutakuwa na kambi nyingine. Nimemtuma Jacky akamuulize mamake, kwa upole, kama Krismasi ana mpango wa kwenda Murang'a.