Nyonga Saba za Wanaume

Jumapili, 14 Julai 2019. Asubuhi ya baridi, upepo wa kusini-mashariki, mawingu mepesi, mvua hakuna. Kengele ya kanisa ya kwanza saa kumi na moja alfajiri.

Wiki iliyopita Mzee Lisiate, ambaye kwa miaka miwili amenifundisha kupiga picha za eksirei hapa hospitali ya kisiwani, aliniagiza niandae hotuba. Jumatano anakuja mgeni kutoka wizarani, mji mkuu Nuku'alofa, kukagua kitabu changu cha mazoezi na kunikabidhi cheti. Leo baada ya chakula nyumba nzima imelala isipokuwa mimi, nikaona niiandike. Sidhani kama ndiyo Mzee anayoitarajia. Naiweka hapa kama ilivyotoka.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wizara. Mheshimiwa Chifu wetu pamoja na msemaji wako, maana wewe mwenyewe huwa husemi. Mchungaji wa kanisa letu, na wachungaji wa makanisa mengine manne ya kijiji hiki kimoja. Matroni Sela, mlezi wa wagonjwa na mtesi wa wanafunzi. Mzee Lisiate, mwalimu wangu, mwenye imani kubwa na miwani ndogo. Shangazi Pisila, ambaye kwa haki ungetajwa kabla ya Chifu, ila nimeogopa kukutazama. Mama yangu mzazi, uliyelala mkekani hatua mbili kutoka hapa nilipo. Kaka yangu Semisi, uliyeko wodini. Wageni waalikwa, na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna nguruwe. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Kwa usahihi zaidi, Mama amegeukia upande wa pili.)

Nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao kwa tathmini yangu binafsi ni mkubwa kuliko wa mwanafunzi mwingine yeyote wa fani hii hapa kisiwani, na mwanafunzi mwingine hayupo, nikiwa na dhamana ya kuwasilisha kwenu taarifa ya utekelezaji wa mpango mkakati wa miaka miwili wa kumjengea uwezo Temaleti, binti wa kidato cha sita, ili ifikapo Desemba, Mzee Lisiate atakapostaafu na kurudi kwao Niua kulima viazi vikuu, wananchi wa visiwa hivi wasilazimike kupanda ndege kwa ajili ya kidole kilichobanwa na mlango.

(Vigelegele kutoka kwa wenye vidole.)

Ndugu wadau, takwimu hazidanganyi. Anayedanganya ni mwandishi wa takwimu, na hilo tutalifikia kwa wakati wake. Katika kipindi cha utekelezaji nimepiga picha za vifua mia sita na kumi na moja, mikono mia mbili na arobaini, miguu sikumbuki lakini imo kitabuni, na taya moja la mtu aliyegombana na shemeji yake juu ya mpaka wa shamba. Katika vifua hivyo, ni tisa tu vilivyotoka bila mabega, sawa na asilimia moja na nusu, kiwango ambacho wataalamu, yaani Mzee Lisiate, walikiita "siyo mbaya, binti, wengine huanza kwa kupiga meza."

Sasa naomba nijielekeze kwenye eneo ambalo ndilo kiini cha cheti hiki: nyonga. Kanuni zinataka mwanafunzi apige kwa mikono yake mwenyewe picha kumi na mbili za nyonga, tano za wanawake na saba za wanaume, kwa sababu, kwa mujibu wa wataalamu, mifupa hiyo haifanani. Huwezi kupiga nyonga kwa kukadiria kutoka mlangoni. Ni lazima mkono utafute mfupa wa kiuno, ushuke hadi kichwa cha paja, upime, ndipo bamba la picha liwekwe. Fungueni ukurasa wa arobaini na moja, na mtaziona nyonga zote kumi na mbili kwa mwandiko wangu mzuri, kila moja ikiwa na tarehe, jina langu, na saini ya Mzee.

(Makofi marefu. Shangazi Pisila hapigi makofi. Shangazi Pisila ananitazama.)

Waheshimiwa, mafanikio haya lukuki yamepatikana katika mazingira yenye changamoto. Mnajua desturi yetu. Dada haingii chumba alicholala kaka yake, hakai naye kutazama sinema ya mapenzi, na nguo ya ndani ya kaka haianikwi kamba moja na ya dada. Kushika kiuno chake hakuna haja hata ya kutaja. Na kwa kuwa kwetu binamu ni kaka, na mtoto wa binamu ya baba ni kaka, na kisiwa hiki ni kidogo, utafiti wangu umebaini kwamba mwanamume wa hapa ambaye si kaka yangu ni Mzee Lisiate peke yake, na nyonga zake hazijambo.

(Kicheko. Wanaocheka wote ni kaka zangu.)

Hata hivyo, mpango uliendelea kwa kasi kubwa hadi Ijumaa iliyopita, saa tatu asubuhi, ambapo kaka yangu Semisi, mtoto wa baba mmoja na mama mmoja nami, aliteleza kutoka paa la kanisa alikokuwa akipigilia bati, akaangukia ubavu wa kushoto. Mzee Lisiate alikuwa amevuka Alhamisi kwenda kisiwa cha pili mazishini, na mazishi ya kwetu hayana saa. Hivyo basi, mamlaka yote ya eksirei yalikuwa mikononi mwangu. Naomba ninukuu kumbukumbu za kikao kilichofanyika mlangoni mwa chumba cha mashine.

"Temaleti, mlaze huyu," alisema Matroni Sela.

"Matroni, huyo ni kaka."

"Naona. Na hawa saba wa kitabuni walikuwa nani, watalii?"

Nilirudi nyuma hatua moja, hadi nje ya mlango. Semisi aligeuza uso ukutani akasema, "Matroni, mwambie dada asiingie. Afadhali nyonga yangu ibaki siri."

"Matroni," nikasema nikiwa nje, "mwambie anyooshe mguu."

"Mwambie umenyooka. Ndio huo unaoniua."

"Mkunga aliyenifundisha kazi aliwahi kunitabiria nitafanya kazi na wajinga," akasema Matroni, "lakini hakusema watakuwa wa familia moja."

Ndugu wananchi, kwa kutumia mbinu shirikishi, nilimwelekeza Matroni kwa sauti, macho yangu yakiwa kwenye mti wa mfenesi ulio uani: bamba juu kidogo, hapana chini, sasa kushoto, kushoto kwake siyo kwako. Kisha nikaingia nyuma ya kioo, nikafumba macho, nikabonyeza. Picha iliyopatikana ilikuwa ya ubora wa hali ya juu. Ilionyesha goti, nusu ya paja, na shada la funguo za kanisa zilizosahaulika mfukoni, kila jino la ufunguo likisomeka. Nyonga haikuwamo. Nikamwambia daktari kwamba mashine inasumbua, tusubiri Mzee arudi. Daktari akaniamini, kwa sababu kitabu changu kina nyonga kumi na mbili.

(Wenye vidole wameshusha mikono.)

Nataka hansadi zinukuu vizuri sehemu hii. Jumamosi hakuna boti iliyokuja, na leo Jumapili, siku isiyofanywa kazi, hata mtumbwi hausogei. Kwa siku mbili Semisi amelala bila mtu kujua ndani kuna nini, na kwa kuwa hakuna aliyesema mfupa umevunjika, aliinuliwa mara nne kwenda msalani, akiukanyaga mguu ule. Mara ya nne nilikuwa kwenye ukumbi wa wodi na nikamsikia. Semisi si mtu wa kulia. Mimi tangu Ijumaa sijafumba jicho.

Katika hatua hiyo ndipo mdau wetu wa maendeleo, Shangazi Pisila, dada mkubwa wa marehemu baba yetu, alipoingilia kati. Leo baada ya ibada alimpelekea Semisi magimbi na nyama ya kondoo ya tui kutoka tanuri la ardhini, akakuta hata kifuniko hataki kifunuliwe. Akatoka nje na sahani yake.

"Kwa nini huyu hapelekwi kwenye mashine?"

"Mzee Lisiate hajarudi, Shangazi."

"Na wewe hapo ni nani, ufagio?"

"Shangazi, ni kaka yangu."

"Najua ni kaka yako. Nilikuwepo mkizaliwa wote wawili, na wewe ulitoka ukipiga kelele zaidi." Akaniwekea sahani mikononi. "Mwenye kauli juu ya watoto wa kaka yangu ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi mikono hiyo leo ni yangu. Nimekuazima tu. Nenda kanawe."

Akaingia mbele yangu na mkeka wake wa kanisani, ule unaovaliwa kwa heshima, ukiwa bado umefungwa kiunoni. Akamfunika Semisi shuka la maua, akasimama kichwani pake. "Semisi, anayekushika sasa ni mimi. Umesikia?"

Semisi akasema na dari. "Nimesikia, Shangazi. Ila mikono yako imekuwa ya baridi."

"Nimetoka kunawa. Nyamaza."

Wakati wa mionzi aligoma kutoka, nikamvalisha aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi. Akaipima kwa mkono. "Nzito kama mkeka wa kuvaa msibani," akasema. Nilitafuta mfupa wa kiuno, nikaupata. Nikashuka, nikapata kichwa cha paja. Mguu sikuugeuza, kwa sababu Mzee alinifundisha kwamba ukishuku umevunjika hugeuzi. Nikaweka herufi ya risasi inayotambulisha upande wa kushoto, nikakagua mara mbili, nikaenda nyuma ya kioo, na safari hii nikafumbua macho. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini.

(Hakuna anayepiga makofi. Ni vizuri.)

Matokeo ya mradi ni haya: shingo ya mfupa wa paja ina ufa mwembamba kama unywele. Daktari alisema ungefunguka wote kama angeinuliwa mara moja zaidi. Sasa amefungwa asisogee, na kesho ndege ya asubuhi itampeleka Nuku'alofa kwa machela. Alipokuwa akirudishwa wodini alisema, bila kunitazama, kama desturi inavyotaka, "Matroni, mwambie Shangazi mkubwa ahsante. Na yule mdogo pia."

Nikielekea mwisho, naomba tuhitimishe kwa kaulimbiu yetu. Nikisema KITABU, ninyi mwitikie NI MIKONO.

Kitabu.

(Mama, usingizini: "Hm.")

Kitabu.

(Jogoo.)

Kwa namna ya pekee namshukuru Mzee Lisiate kwa kutia saini mara saba bila kuvaa miwani wala kuuliza, kwa kuwa aliniona mtu wa kweli. Namshukuru fundi seremala, mpiga tarumbeta wa kanisa, mapacha wawili wa duka la samaki, mlinzi wa gati, mwalimu wa hesabu na binamu yangu wa bandarini, kaka zangu saba, ambao mliingia chumba cha mashine mmoja mmoja katika miaka hii miwili, mkalazwa na Mzee, mkapigwa na Mzee, na mkatoka, wakati mimi nimesimama uani chini ya mfenesi nikihesabu kuku. Kuku niliwahesabu vizuri. Nyonga zenu sijapata kuziona mpaka zilipokwisha kuwa picha, na jioni niliziandika zote kwa jina langu, nikijiambia kwamba kosa ni la desturi na si langu, ilhali Shangazi Pisila alikuwa hapo jirani siku zote na sikuwahi kumwuliza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwakilishi wa Wizara, ninayo heshima kukutaarifu kwamba mradi wa nyonga saba za wanaume, uliokuleta kutoka mbali, haukuwahi kuwapo. Iliyopo ni moja, ya kaka yangu, ya leo. Zilizobaki ni sita, na Shangazi amesema mikono yake naweza kuiazima hadi Desemba, Jumapili ikiwamo. Pole kwa safari. Nguruwe ataliwa hata hivyo. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

Mwisho wa hotuba. Nimechukua kalamu nyekundu nikakata mistari saba ya ukurasa wa arobaini na moja, mmoja mmoja kwa rula, nikaandika pembeni: Sikupiga mimi. Chini yake nimeandika ya Semisi, tarehe na saa, na nafasi ya saini nimeiacha wazi. Mama aliamka wakati natafuta rula.

"Unafanya kazi Jumapili?"

"Nafuta tu, Mama."

"Kufuta si kazi," akasema, akalala tena.

Boti ya Mzee Lisiate inafika kesho saa nne. Nitakuwa gatini na kitabu, nitampa kabla hajashusha mzigo, na nitamwomba avae miwani.

Nalala sasa. Saa kumi na dakika tano alasiri.