Jinsi Munguti wa Kitengela Alivyouza Kitabu Kimoja

"Ng'ombe anafanya nini kwa jalada ya kitabu ya mapenzi, Munguti? Niambie tu, ng'ombe ana—"

"Usiniambie mambo ya ng'ombe! Wewe ndio ulikata sura ya saba, wewe mwenyewe, na kalamu nyekundu—"

"Nilikata juu ilikuwa inalaza msomaji!"

"—ukakata kama mtu anachinja!"

"Saa kumi ikifika kama hakuna mtu amenunua hata kitabu moja, nafunga njugu na karatasi zake. Tulikubaliana. Na mnunuzi awe mtu hatumjui. Si binamu, si mtu wa kanisa."

Sogeeni, enyi watu wa Kitengela, ninyi mnaokula vumbi la malori ya simiti tangu alfajiri na bado mnacheka! Tueni mizigo, punguzeni redio, mnisikilize nikitaja vita vya Munguti mwana wa Mwanzia, Simba wa Kompyuta ya Kuazima, aliyejiandikia mwenyewe, akajichapishia mwenyewe, na kwa miezi mitatu mizima akajisomea mwenyewe.

Mwenye kalamu nyekundu ni dada yake Ndanu, Malkia wa Njugu za Chumvi, Mhariri Asiye na Huruma; ndiye aliyempa kona ya kibanda chake kando ya soko, na katika kona hiyo katoni nne za riwaya yake, *Nisubiri Isinya*, zilisimama kama jeshi lililosahauliwa na mfalme wake. Na jalada? Shujaa alipokosa mchoraji alishika simu akaenda Kisaju kupiga picha ya machweo. Machweo yakatoka ukungu mtupu. Lakini ng'ombe mweupe aliyekatiza mbele yake alitoka safi, kila unywele mahali pake. Basi akawa jalada.

Saa kumi kasorobo. Ndanu akaipua njugu, akachukua nakala ya juu kabisa, akaikunja mgongo, tayari kuichana saa kumi ikigonga. Munguti akafumba macho kama mtu anayeona mwanawe akipelekwa jandoni.

Ndipo kutoka upande wa mifugo akaja Kasaine, Bwana wa Fimbo Ndefu, shuka begani, simu ikining'inia kifuani. Akasimama mbele ya katoni. Hakusema supa ya Kimaasai, hakusema habari. Na mzee wa Kajiado akikunyima salamu, jua mkuki umeshatoka mkononi.

"Huyu ni Naibor," alisema.

"Ni nani, mzee?"

"Ng'ombe yangu. Angalia sikio. Hiyo alama nilikata mimi, na kisu yangu. Nani alikuambia umpige picha?"

Shujaa alijikaza, akainua mkono. "Ewe mzee mtukufu, mwenye makundi yanayofunika tambarare—"

"Wacha hiyo. Nani alikuambia?"

"Hakuna, mzee. Nilikosea. Sikujua ng'ombe anaombwa ruhusa."

"Ng'ombe haombwi. Mwenyewe ndio anaombwa."

Soko likahamia hapo kibandani. Wauza mitumba waliacha mitumba, muuza miwa akaja na panga lake mkononi, na sauti moja kutoka nyuma ikanguruma, "Mtozeni faini ya mbuzi!" Ndanu, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa adui, akasimama mbele ya ndugu yake na mwiko wa njugu kama ngao.

Kasaine hakuwatazama. Alikuwa ameshika nakala moja, akipekua kurasa, moja moja, kidole kikitembea chini ya mistari.

"Haya. Na huku ndani anafanya nini?"

Munguti akamtazama Ndanu kwa pembe ya jicho.

"Ndani... hayuko, mzee."

"Hayuko?"

"Alikuwa sura ya saba. Alipotea usiku wa kuamkia harusi, kijiji kizima kikamtafuta, harusi ikangoja. Mhariri huyu hapa akamtoa."

Kasaine akamgeukia Ndanu. Na Ndanu, ambaye hajawahi kumwinamia mtu, hata askari wa soko, akaangalia njugu zake.

"Mmemsimamisha mlangoni kama mgeni," alisema Kasaine polepole, "na chai hamjampa."

Kisha, enyi wasikilizaji, akashika simu yake. "Namba ya kulipa ni gani?"

Simu ya Ndanu ikalia: ti!

Andikeni! Chongeni kwenye mawe ya machimbo! Saa tisa na dakika hamsini na mbili, zikibaki dakika nane tu jeshi zima likafunge njugu, mtu asiye binamu wala muumini mwenzao alinunua kitabu! Soko likapasuka kwa vigelegele, muuza miwa akamrushia shujaa kipande cha bure, na Munguti, machozi yakimchuruzika bila aibu, akachomoa kalamu, akafungua ukurasa wa kwanza ili atie sahihi aliyoifanyia mazoezi tangu darasa la sita.

Fimbo ya Kasaine ikashuka, ikalala juu ya ukurasa.

"Si wewe." Akakigeuza kitabu nyuma, kwenye karatasi tupu, akamsogezea Ndanu. "Mama, wewe ndio ulimtoa. Shika kalamu, umrudishe."