Vishimo Arobaini na Kimoja

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Siku yangu imefika! Bosi katangaza: Ijumaa mkaguzi wa mashine anakuja, na atakayefanya jaribio mbele yake bila kubabaika ndiye atakuwa msimamizi wa chumba cha vipimo. Tuko wawili tu. Mimi na Mama Desimali, mwanamke anayetaja hata umri wake kwa nukta. Miaka tisa napima uimara wa vyuma humu: nimevivuta mpaka vikakatika, nimevigonga, nimevibonyeza. Nani kama mimi?

Isitoshe, sina pa kurudi. Mama mkwe nilishamwambia tangu mwezi uliopita kwamba kiti ni changu. Keshautangazia ukoo mzima. Alhamisi anakuja kunipongeza. Nikikosa, nitakuwa mwongo mbele ya wakwe, na aibu hiyo haina dawa.

Jumanne, tarehe 4 Juni
Mpango umeiva. Mkaguzi hutumia kile kipande cha chuma cha mfano, kinacholala kabatini kwenye kisanduku chake. Ubavuni kimechongwa 60. Huo ndio ugumu wake. Mashine hukibonyeza kwa ncha ya almasi, huacha kishimo kidogo kama cha sindano, kisha mshale husoma namba. Ukisoma 60, umefaulu. Basi si nifanye mazoezi?

Mama Desimali alipokwenda kula, nikafungua kabati. Nikabonyeza. 64. Nikavuta pumzi, nikabonyeza. 64. Nikavua saa ya mkononi. 64. Nimegundua tatizo: mkono wangu una nguvu kupita kiasi. Nikajaribu wa kushoto. 64! Kila namba naiandika kwenye karatasi, maana mimi si mtu wa kubahatisha.

Jumatano, tarehe 5 Juni
USHINDI! Kishimo cha arobaini na moja, pembeni kabisa, kidogo kidondoke nje ya chuma: 60! Sitini kamili! Nimeizungushia duara kwa kalamu nyekundu, kando nimeandika HAPA HAPA IJUMAA.

Kasoro ndogo tu. Kipande kilikuwa kinang'aa kama kioo, sasa kina uso wa ndui. Nimekitia mfukoni. Kitalala kwangu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Nimeomba ruhusa. Tumbo. Asubuhi nzima niko uani nasugua. Msasa umeisha, vishimo vipo. Majivu, bure. Dawa ya meno ya familia nzima: chuma sasa kinanukia vizuri. Mke wangu kauliza kama nimepotewa na akili au ndiyo naitafuta.

Mara mama mkwe huyo. Nikamwamkia mikono imejaa mapovu. Akauliza ni nini hicho. Nikasema ni nishani ya usimamizi. Akafurahi, akaomba akawaonyeshe majirani. Mama mkwe unamkatalia vipi? Kimezunguka nyumba sita, kimerudi kimepakwa mafuta ya nazi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Lazima niandike!

Niliwahi asubuhi, nikakirudisha kabatini. Mkaguzi akafungua kisanduku. Akanusa. Akahesabu vishimo, kimoja hadi arobaini na kimoja. Bosi akauliza nani kafanya haya. Mama Desimali alinitazama tu, ikatosha. Nikasema ni mimi. Nikatoa ile karatasi yenye namba, maana sikuwa na kingine cha kutoa.

Mkaguzi akaisoma. Akatoa begini kipande chake mwenyewe, kipya, nacho cha 60. Akabonyeza. 64! Tena, 64! Akafungua ncha, akaitazama kwa lenzi: almasi imemeguka. Huenda miezi mitatu nzima, tangu ukaguzi uliopita, mashine inavisingizia vyuma ugumu ambao havina, na kila cheti cha vipimo kina sahihi ya Mama Desimali. Kuna bolti za daraja zilizokuwa zitoke Jumatatu. Zimezuiwa.

Akanipa mkono! Akasema hajapata kuona fundi anayeitilia shaka mashine yake mara arobaini. Akauliza na hii HAPA HAPA IJUMAA? Nikasema nilikusudia kumwonyesha. Akasema ile 60 haihesabiwi, ukingoni chuma hakina cha kukishikilia, hulegea. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyezaliwa nikijua hilo.

Jumamosi, tarehe 8 Juni
Mimi ni msimamizi! Kwa barua, kwa mhuri! Mama mkwe kaisoma kwa sauti mara tatu, kisha kamwambia mke wangu kwamba yeye tangu mwanzo aliniona ni mtu. Nimelia kidogo. Ni furaha, sioni haya.

Mama Desimali kanipongeza pia. Kisha akaninong'oneza kwamba almasi imeniokoa, na siku nyingine niitilie shaka mashine kabla ya kuulaumu mkono. Wivu mtupu. Nimemsamehe, cheo kinataka moyo mkubwa.

Mwezi ujao mkaguzi anarudi kuikagua ile mashine ya nyundo, ile inayobembea na kuvunja chuma kwa pigo moja ili tujue kinastahimili kiasi gani. Kaacha vipande kumi na viwili vya mfano, kila kimoja na namba yake. Kasema visiguswe. Lakini msimamizi atakwenda mbele ya watu bila mazoezi? Nitajaribu vitatu tu. Najua, kikipigwa kinakatika viwili. Nimeshanunua gundi. Na kwani mkaguzi mwenyewe si anakuja kuvivunja? Nani atajua vilishavunjika?