Posa Kupitia Mirihi

Jumatatu, 3 Machi
Injinia mkuu ametangaza majaribio. Kila mfanyakazi wa kituo chetu cha anga atatuma ujumbe kwenye chombo kilichotua Mirihi. Chombo kitaurusha kwa setilaiti yetu ndogo inayozunguka huko, nayo itaupokeza kwetu. Setilaiti yenyewe haizidi kopo la biskuti! Wazo likanijia papo hapo: nitamposa Mama Uzi, mjane aliyeishonea setilaiti hiyo blanketi la kung'aa la kuikinga na baridi. Mwaka mzima hunikaribisha chai, nami, Mwalimu kama wanavyoniita kituoni, humzungumzia hali ya hewa. Sasa swali langu litamshukia kutoka angani. Nani atakataa?

Jumanne, 4 Machi
Breki, dereva wa kituo, kambebea Mama Uzi cherehani. Hana haya! Nilimuuliza atatuma ujumbe gani. Akasema yeye akiwa na neno na mtu, humwendea. Hana ndoto, maskini.

Jumatano, 5 Machi
Nimeandika. Injinia ameniomba nifupishe: setilaiti hukaa juu ya chombo dakika chache tu, kisha huzama nyuma ya sayari. Nimefuta koma mbili. Salamu sikuzigusa. Mtu mzima haingii kwa mwenzake na haja mkononi, kama mdai.

Ijumaa, 7 Machi
Ukumbi ulijaa. Mama Uzi alikaa mbele, na miwani yake ya kushonea. Maneno yangu yakaanza kudondoka kwenye skrini, moja moja, kama mvua ya mbali. Hujambo, Mama Uzi? Natumaini hujambo, na wa nyumbani hawajambo, na cherehani pia. Mimi ni mzima, ila kifua kidogo. Baada ya salamu, nina swali moja, nalo ni

Kimya. Setilaiti imezama!

Breki akapiga makofi, akasema salamu zimefika, Mwalimu, na kifua tumekipata. Katika skrini ile tupu niliiona nyumba yetu: dirisha, taa, blanketi la kung'aa kitandani.

Jumamosi, 8 Machi
Mama Uzi amenijia ofisini na vikombe viwili vya chai. Akafunga mlango, akaketi, akasema haya, Mwalimu, mimi niko hapa, litoe hilo swali. Akaongeza kwamba Breki ameshauliza lake, jana, kwenye ngazi, na anataka jibu leo. Lakini yeye ameona anisikilize mimi kwanza.

Moyo ulinipaa! Nikamsihi avumilie: setilaiti itapita tena Jumatatu. Akanywa chai yake. Akanywa na yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Uzi na Breki wametangaza uchumba. Nimelitambua kosa langu: salamu zilikuwa fupi mno, hazikuwa na uzito. Nimeamua kuweka pingamizi, kupitia Mirihi. Leo nimemaliza salamu za Breki na jamaa zake. Kesho nitaanza za Mama Uzi.